Alawansi ya Mgeni

Malaba, Jumapili

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe na wote walio hapo bomani Osieko. Mguu wako umepungua uvimbe? Na Nabwire wangu, bado analala akishika sikio lako? Mimi ni mzima wa mwili, ila moyoni nina uchungu. Sikupiga simu kwa sababu mtoto angesikia sauti yangu aanze kuuliza nitamchukua lini.

Unajua kampuni iliniandika kandarasi pale Busia, kisha ikanituma hapa Malaba kukagua kufuli za malori yanayovuka kwenda Uganda. Kwa kuwa niko mbali na kituo changu cha Busia, hunipa alawansi ya kila siku ya kula na kulala, na hiyo haikatwi ushuru. Ndiyo nimekuwa nikikutumia.

Mwezi uliopita nikampatia Nabwire nafasi katika chekechea ya kanisa hapa. Humpunguzia karo mzazi mwenye barua kwamba anaishi na kufanya kazi hapa. Mama, niliiandika mwenyewe kwa furaha: makao yangu na kituo changu cha kazi ni Malaba. Bosi akagonga muhuri bila hata kusoma, nakala ikaenda Busia.

Mwisho wa mwezi nikaona alawansi imekatwa ushuru pamoja na mshahara. Nikaenda Busia kwa mhasibu.

"Mama Nabwire, umejikata mwenyewe," akaniambia. "Alawansi ni ya mtu ametumwa mbali. Wewe umesema Malaba ndio kituo chako. Sasa hiyo ni mshahara, na mshahara ni lazima ukatwe."

"Na hii miaka miwili nimekuwa nikilala wapi?"

"Kwa karatasi? Busia."

Msichana wa meza ya pili akaingilia, "Kwani dada, ulikuwa unarudi na boda kila jioni?"

Wakacheka. Hata mimi nilicheka, na hilo ndilo linaniuma. Lori likilala hapa siku tatu linaandikwa liko Malaba. Mimi nalipa kodi ya nyumba miaka miwili na bado sijafika. Na kile walichokata ndicho kingemlipa mtu wa kumwangalia mtoto nikiwa kazini.

Mhasibu akanisukumia karatasi. "Andika ile barua ilikuwa makosa, mwezi ujao hatukati. Niletee Jumatano." Akawa anasema, mimi naandika: sina makao Malaba, mtoto wangu haishi nami wala hatakuja kuishi nami. Hapo mkono ukakataa. Nikamwambia nitamalizia nyumbani.

Msalimie kaka, mwambie dagaa zake za omena zilifika zikiwa kavu vizuri. Msalimie na shangazi anayefagia hospitali ya Nangina, asiache kuniombea.

Sasa Mama, geuza karatasi hii. Utaona yale maneno ya mhasibu, bila sahihi yangu. Nimekuandikia nyuma yake makusudi, ili isiweze kurudi ofisini. Wacha wakate ushuru wao. Mama mwenye nyumba amekubali kumwangalia mtoto mchana, nami nitamfulia nguo.

Jumamosi mkabidhi Nabwire kwa huyu mama wa samaki aliyekuletea barua, anakuja soko la hapa. Mvalishe viatu vya kanisa, umfungie na blanketi lake. Njiani akiulizwa anaenda wapi, aseme anaenda kwao.

Ni mimi mwanao,
Ajiambo wa Malaba