Mama Ameanza Kukumbatia Tena

Jumapili, saa mbili usiku. Mvua ya Oktoba, ile isiyonyesha wala kukata, imeshinda ikilowanisha magari hapo chini tangu asubuhi. Nimejifungia chumbani na laptopu. Tuli, mdogo wangu wa miaka minane, anaangalia katuni sebuleni. Mama yuko jikoni anapasha maharage, na anaimba.

Anaimba. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi.

Blogu hii haina jina langu wala picha yangu, na majina ya humu nimeyabadilisha, isipokuwa Mama, kwa sababu Mama ni Mama. Nikiandika kwenye daftari atalisoma. Nikiandika huku, watanisoma watu tisa wasionijua.

Tangu nimalize shule mwezi wa sita nashinda nyumbani, nasubiri kuanza chuo Januari. Mtu anayeshinda nyumbani huanza kuona mambo. La kwanza nililoliona ni kwamba Mama ameacha kukumbatia watu.

Huenda hilo likaonekana dogo kwa asiyelijua kanisa letu la Kiswahili hapa ugenini. Tunasali saa tisa alasiri, kwa sababu ukumbi ni wa kukodi na wenyewe wanautumia asubuhi. Ibada ikiisha, salamu huchukua muda mrefu kuliko mahubiri. Wakongo wanagusana vichwa mara tatu. Wakenya wanabana mkono mpaka vidole vinauma. Mama hukumbatia. Si kule kupigapiga mgongo. Anakuvuta, anakubana, unasikia harufu ya mafuta ya nazi, na anakuachia akiwa tayari yeye, si wewe.

Mimi ni mtu wa aibu. Miaka yote nimesimama nyuma ya lile kumbatio kama mtu aliyesimama nyuma ya mlango. Watu wakishakumbatiwa na Mama, hawanidai mimi salamu ndefu.

Mwezi wa nane akaanza kusalimia kwa bega la kushoto. Anatanguliza bega, mkono wa kulia ameubana ubavuni, halafu anarudi nyuma haraka. Mama Furaha, yule mama wa Kikongo anayetushonea sare za kwaya, alimwambia mbele ya watu, "We mama, siku hizi unatusalimia kama polisi wa mpakani." Watu walicheka. Mama naye alicheka, lakini alikuwa wa mwisho kuanza.

Baada ya hapo kila kitu kikawa na maana nyingine. Alimpelekea Mama Furaha sare yake aipanue kiunoni, na hajanenepa hata kidogo. Tuli akimkimbilia, anamzungushia upande wa kushoto kabla hajamfikia. Tuli kichwa chake kinaishia kiunoni kwa Mama. Kazi ya Mama ni kuhudumia wazee majumbani mwao, na Jumamosi alikuwa anasema anakwenda mji wa Columbia kumsalimia mzee mmoja ambaye yeye aliwahi kumtunza; alirudi akiwa na harufu ya baruti, kama ya fataki zinazopigwa hapa mwezi wa saba siku ya uhuru wao, chini ya harufu ya mafuta ya nazi. Siku moja alirudi na plasta kwenye mkono wa kulia, pale kati ya kidole gumba na cha shahada. Alisema amekatwa na kopo la nyanya. Lakini kopo hulishika kwa mkono wa kushoto. Nimemwona akifungua makopo maisha yangu yote.

Nilidhani anaumwa. Nilidhani ana uvimbe kifuani, ndiyo maana hataki kubanwa, na kwamba hiyo Columbia ni hospitali. Kwa wiki mbili nilimzika Mama kichwani mwangu. Nilimpangia Tuli atalala wapi.

Halafu nilifanya jambo ambalo silionei fahari. Mama akiwa zamu, nilifungua droo yake nikitafuta karatasi za daktari.

Nilikuta karatasi moja, mwandiko wake ule mnyoofu anaoandikia wazee saa za kumeza dawa. Juu upande mmoja ameandika "ndogo", upande wa pili "kubwa". Ndogo haionekani. Inaruka. Inauma mkono, kidole cha mwisho hakina pa kushika. Kubwa imetulia. Nzito. Inaonekana nikiinama. Chini kabisa, peke yake, ameandika "Kanisani?" na kupiga mistari miwili.

Nyuma ya karatasi kulikuwa na risiti ya uwanja wa shabaha, mahali watu wanapojifunza kupiga bastola.

Nilikaa sakafuni. Jambo la kwanza nililohisi, na ninaliandika kwa sababu ni kweli, ni furaha. Haumwi. La pili lilikuja polepole, na halijaondoka mpaka leo.

Nilisoma mtandaoni kama mtu anayejiandaa kwa mtihani. Watu wanabishana huko kuhusu bastola kubwa na ndogo kama wanavyobishana kuhusu mpira. Nilielewa ile plasta: ukiishika vibaya ile ndogo, sehemu ya juu inaporudi nyuma inakung'ata mkono. Nilielewa kwamba kubwa, kwa sababu ya uzito wake, hutulia na hulenga vizuri zaidi, lakini hujichora kwenye nguo. Ndogo hupotea mwilini, ila ni ngumu kuipiga sawasawa. Wote wanauliza utavaa suruali gani na mkanda gani. Hakuna hata mmoja aliyeuliza utakumbatiwa na watu wangapi siku ya Jumapili.

Jumamosi iliyopita Tuli alikuwa kwenye sherehe ya rafiki yake. Mjomba Asajile, mdogo wake Mama, alikuja mchana. Yeye ni mlinzi kwenye jengo la ofisi kule Arlington na anapenda kueleza vitu. Mama alinituma chini, kwenye mashine za kufulia za jengo letu, nikafue. Mashine zote zilikuwa zimejaa, nikarudi na kapu langu. Faida ya kuwa mtu kimya ni kwamba mlango nao hujifunza kufunguka kimya. Nilisimama kwenye ujia, na mlango wa sebule ulikuwa wazi kiasi cha mkono.

Mama alikuwa amevaa sare ya kwaya siku ya Jumamosi. Mezani, juu ya kitambaa alichofuma bibi, kulikuwa na bastola mbili. Mjomba alifungua moja, akaangalia ndani, akampa Mama naye aangalie.

"Tupu," alisema Mjomba.

"Tupu," aliitikia Mama, kama wanavyoitikiana kanisani. Wakafanya vilevile kwa ya pili.

Kisha Mama aliweka ile kubwa kiunoni ndani ya sare, akamfungulia ndugu yake mikono. Walikumbatiana katikati ya sebule yetu.

"Umeisikia?"

"Dada, imenichoma mbavu. Umebeba nini, pasi?"

"Mama Furaha naye aliigusa. Nikamwambia ni mkanda wa mgongo, ule tunaovaa tukinyanyua wagonjwa."

"Akakubali?"

"Akaniombea."

Mjomba alicheka mpaka akakaa chini. Mama hakucheka. Alitoa ile kubwa, akaweka ndogo, akafungua mikono tena. Safari hii walikaa muda mrefu zaidi. Mjomba alikuwa amefumba macho kama mtu anayeonja mchuzi.

"Sisikii kitu," alisema.

"Basi nimechagua."

"Dada, hiyo ina risasi sita. Na inakurukia. Ile kubwa mkononi mwako imetulia kabisa, nimeona mwenyewe. Unaacha unayoweza kuipiga unachukua unayoweza kuificha."

"Nikihitaji zaidi ya sita, Asa, basi Mungu ameshaamua. Tangu yule mtu aninyang'anye mkoba pale ngazini kwa yule bibi ninayemhudumia, sijalala vizuri. Naingia nyumba za watu, natoka peke yangu, kila mlango naufikiria. Lakini siwezi kuishi bila kuwashika watu. Watoto wangu nawapa bega. Unajua kuwapa watoto bega?"

Mjomba, kwa sababu lazima aeleze kitu, alisema, "Ila ukivuka mpaka kuingia D.C., sheria ni nyingine, hicho kibali chako cha kubeba bastola si kitu. Iache nyumbani."

"Umeniambia mara saba."

Nilirudi chini na kapu. Nilikaa juu ya mashine ya mtu mwingine mpaka ikamaliza.

Mwezi wa tano Mama alituambia kwamba mkoba wake ameusahau kwenye basi. Nilimsaidia hata kupiga simu kwa watu wa mabasi. Nilisubiri kwenye simu dakika nyingi sana, namtajia mtu rangi ya mkoba, na Mama amekaa pembeni yangu ananiangalia.

Kwa hiyo kuna ngazi, kuna mtu, kuna mkoba, na kuna Mama anayesema ni basi. Kuna Columbia ambayo si Columbia. Kuna mkanda wa mgongo. Namwelewa kila mara ninapompigia hesabu ya hofu yake. Na kila mara nikimaliza kumwelewa, najikuta nauliza ni nini kingine.

Na si yeye tu. Wiki hii nzima nimekuwa nikiangalia viuno vya watu. Mzee wa kanisa anayevaa koti hata mwezi wa nane. Mwanamke wa duka la vyakula aliyekuwa anavuta blauzi yake chini kila mara. Kijana kwenye basi ambaye hakuegemea kiti. Labda koti ni koti. Labda blauzi imemkaa vibaya. Zamani niliwaangalia watu viatu, kwa sababu naona aibu kuwaangalia usoni. Sasa macho yangu yamepanda, lakini hayajafika usoni. Yamekwama njiani.

Leo ndiyo siku aliyorudi kukumbatia.

Ibada ilipoisha nilikaa kiti changu cha nyuma nikatazama. Mama alishuka kutoka kwaya, sare yake iliyopanuliwa ikipepea kidogo. Wa kwanza alikuwa Mama Furaha. Mama alimvuta, akambana kama zamani. Mama Furaha alipiga vigelegele. "Aleluya, mgongo umepona!" Watu walicheka, wakapanga mstari karibu wote. Alimkumbatia mchungaji. Aliwakumbatia akina dada wa Kenya waliokuja na chapati. Alimkumbatia Tuli kwa mbele, kichwa cha Tuli kiunoni kwake, na Tuli akasema kwa Kiingereza chake kwamba amemkumbuka sana Mama, kana kwamba Mama alikuwa amesafiri.

Ukumbi mzima ulifurahi. Mimi peke yangu ndiye niliyejua kwa nini, au niliyedhani ninajua. Kwa sababu sijui. Labda leo aliiacha nyumbani. Labda aliifungia ndani ya gari. Labda ilikuwa pale pale, kati yake na shavu la Tuli. Ile kubwa ilikuwa inasema ipo. Bega lilikuwa linasema. Ile ndogo haisemi.

Kwenye maegesho mvua ilikuwa inatuangukia. Tuli alikuwa ameshaingia garini. Mama alinigeukia, akafungua mikono.

Miezi miwili nimelisubiri kumbatio hilo. Harufu ya mafuta ya nazi ilikuwa ile ile. Nilifumba macho. Na mkono wangu, sikuutuma, au labda niliutuma, ulishuka mgongoni kwake, ukapita kwenye mshono wa Mama Furaha, ukaenda kiunoni, ukazunguka.

"Mbona mkono wako unatembea, mama?" aliniuliza sikioni, kwa upole.

Ningeweza kusema baridi. Ningeweza kunyamaza, ambayo ndiyo kazi ninayoijua.

"Natafuta ule mkanda wa mgongo," nilisema.

Hakuniachia. Mvua ilinigonga kichwani. Na mkono wake wa kulia ulishuka, ukaushika mkono wangu pale ulipokuwa umefika, ukauzuia usiende mbele.

"Ingia garini," alisema. "Utalowa."

Njia nzima alikuwa anaangalia kioo cha nyuma. Sijui kama alikuwa anaangalia barabara au ananiangalia mimi. Tulipofika alipanda ngazi mbele yetu, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango, na nikasikia kitu kinafungwa kwa ufunguo. Alipotoka alikuwa amevaa dera la nyumbani. Tangu hapo anaimba.

Najiuliza swali ambalo sipendi jibu lake. Pale kwenye mvua, nilimkumbatia au nilimpekua? Miezi miwili nilimshuku yeye kwa kuninyima kumbatio. Aliponipa, nililitumia kama yule polisi wa mpakani.

Sitaki kumwambia aiache. Sikuwa mimi pale ngazini. Siingii mimi kwenye majengo yale jioni na viatu vya zamu na mfuko wa glavu. Lakini nimewaza tangu tulipofika, na nimejua ninachotaka kumwambia, ingawa Mjomba atasema nimechagua kwa sababu ambayo si ya kitaalamu.

Kama ni lazima abebe, nataka abebe ile kubwa. Ile inayoonekana akiinama. Anipe bega siku aliyonayo, na siku asiyonayo anifungulie mikono, ili nijue. Naweza kuishi na bega. Siwezi kuishi na kumbatio ambalo lazima nilikague.

Maharage yamepata moto, ananiita. Hajaita kwa jina, ameita "mama", kama kwenye maegesho.

Kesho hana zamu na Tuli atakuwa shuleni. Nitaamka kabla yake nichemshe chai. Nitamwambia mimi kwanza kuhusu droo, kwa sababu na mimi nina cha kuficha. Halafu nitamwomba tukumbatiane, na mikono yangu nitaiweka mabegani kwake, juu kabisa, niiache hapo.