Moto wa Polepole wa Angharad

Banda la Injini,
Cwm Celynnog.
Jumamosi, 14 Novemba 2015.

Mpendwa Shangazi Tegwen,

Pokea salamu zangu za moyo mzima, nikitumaini zinakukuta salama na kwamba lile goti limepunguza kukutesa. Lowri wako aliniambia theluji huko Kanada imeanza mapema, na kwamba simu siku hizi huisikii hata ukiibana sikioni kwa mikono miwili. Basi nimeona nikuandikie kwa kalamu, herufi kubwa kubwa, usihangaike na miwani. Hapa kwetu ni mvua tu. Mimi ni mzima. Idwal si mzima, na nitakueleza yote, ila niruhusu kwanza nifurahi kidogo.

Nimeolewa, Shangazi. Najua Lowri alishakwambia, lakini nataka ulisikie neno hilo kwangu. Mimi wa miaka hamsini na minne, ambaye kanisani walikwisha kunihesabu pamoja na viti, niliingia kwa mlango mkubwa tarehe tano Septemba nikiwa na maua ya bustani ya jirani, na Idwal Prosser alikuwa amesimama mbele akinisubiri. Alikataa kukaa. Mchungaji alimletea kiti, akakigeuza akakiegemea kama vile amekuja kukiuza.

Blanketi lako la viraka ndilo tunalojifunika. Yeye amechagua upande wenye bluu. Hajachoka kuniita kwa jina lake. "Bibi Prosser, chumvi iko wapi? Bibi Prosser, umekalia tupa yangu." Nampenda mpaka naona haya. Dukani nakata mikate ya watu huku nacheka peke yangu, na wateja wananiangalia, halafu wanakumbuka hali ya mume wangu, wanainamisha macho.

Pete yangu aliichonga mwenyewe kwa mashine yake ya kukerezea, kutoka kipande cha bomba la shaba lililotolewa ndani ya boila ya Angharad. Inaniachia alama ya kijani kidoleni. Mke wa mchungaji alinishauri nipake rangi ya kucha kwa ndani. Nimekataa, naipenda hiyo kijani.

Angharad humjui, kwa sababu ulishaondoka alipookolewa, lakini utakuwa ulimsikia utotoni. Ni ile injini ndogo ya mvuke ya mgodini, yenye magurudumu sita na tangi la maji lililomkalia mgongoni kama tandiko, iliyokuwa ikivuta mabehewa ya makaa chini ya dirisha la bibi. Mgodi ulipomwacha, Idwal, rafiki yake Cledwyn na vijana wenzao waliingia kwenye uwanja wa vyuma chakavu wakamnunua kabla hajakatwakatwa. Hapa bandani hakuna anayemhesabu kuwa chombo tu. Ni yeye, ana tabia zake, na anatajwa kama shangazi mwenye hasira.

Na nyumbani ninaye mwingine. Idwal anamtengeneza Angharad mdogo, mrefu kama mkate wangu wa ratili mbili, kwa vibati vya shaba ya njano. Kila ribiti, kidoti kama kichwa cha msumari, anaibonyeza kwa sindano kutoka nyuma, moja moja, na meza ya jikoni ni yake. Tunakula tumeweka sahani mapajani. Siku moja Cledwyn alikuja akainama, akatazama, akasema, "Umesahau mbonyeo wa tangini, pale alipogonga ukuta."

"Sijasahau. Namtengeneza alivyokuwa kabla hujamgongesha."

"Breki ilikataa."

"Breki haikukataa, Cled. Ulikuwa unamwangalia binti wa posta."

Hao ndio walivyo tangu wakiwa na miaka ishirini. Sasa vidole vya Idwal vinatetemeka, kwa hiyo mimi nashika chuma cha kulehemu na yeye anashika mkono wangu. Shangazi, sijawahi kushikwa mkono namna ile.

Sasa nikwambie ugonjwa. Ni saratani ya utando wa mapafu. Walipomnunua Angharad, boila yake ilikuwa imevishwa koti nene la asbestosi ili joto lisipotee. Ilibidi livuliwe. Hakuna aliyewaambia kitu. Walilibandua kwa mikono na visu vya jikoni kiangazi kizima, bila hata kitambaa puani, na lilipolowa wakalifinyanga mabonge wakawa wanarushiana kama theluji, wakarudi nyumbani weupe kama waokaji. Mama yake Idwal alikuwa akimkung'utia shati mlangoni. Vumbi hilo limekaa ndani yake miaka arobaini bila kusema neno, na Machi mwaka huu likasema. Cledwyn amepimwa mara mbili, hana kitu. Mafunda ya vumbi waliyavuta pamoja, na mmoja tu ndiye aliyeandikiwa.

Daktari hakutuficha. Tulikuwa tumepanga harusi ya majira ya kuchipua, mwakani. Tukaileta karibu.

Jambo moja tu ndilo Idwal aliloliomba kwa mwaka huu, ukiniacha mimi. Angharad alikuwa amelala miaka kumi, boila imefunguliwa, mabomba mapya yametiwa, kila kitu kipya. Alitaka amwone akiwa na mvuke tena. Si kumwendesha. Amwone tu.

Lakini injini iliyolala hivyo huwezi kuiamsha kama birika, Shangazi, na hapo ndipo msiba wetu ulipo. Moto wa kwanza lazima uwe mdogo. Siku ya kwanza ni kuni tu, kiasi cha kupikia uji. Unaweka kiganja kwenye bamba la boila na kungoja. Siku ya pili unaongeza kidogo, maji yapate joto na chuma kipate joto pamoja, juu na chini. Siku ya tatu ndipo makaa, ndipo mvuke. Ukikimbiza, sehemu moja inatanuka wakati nyingine bado imelala, mabomba yanalegea pale yalipobanwa, na maji yanavuja. Mafundi hapa husema boila inalia. Kila mtu bandani anajua hilo, na anayelijua kuliko wote ni Cledwyn.

Mwishoni mwa Oktoba waliwasha. Nilimsukuma Idwal kwa kiti cha magurudumu mpaka mlangoni pa banda. Hapo ndipo mwisho wake, kwa sababu ya mtungi wa oksijeni hawezi kusogea karibu na moto. Alikaa chini ya mwavuli akitoa amri. Siku hiyo alikohoa vibaya sana, midomo ikawa ya zambarau, na Cledwyn aliona. Tulipoondoka alibaki peke yake na moto.

Kesho yake tulirudi tukijua tutakuta maji ya uvuguvugu. Mshale wa kipimo cha mvuke ulikuwa umeshainuka. Vijana walikuwa wanacheka, mmoja amevaa tai. Idwal hakuutazama mshale. Aliinamisha kichwa, akasikiliza, na mimi pia nikasikia. Tone, tone, tone, ndani ya tanuri, na kila tone likitoa mlio kwenye makaa.

"Nani kamkimbiza?"

Cledwyn alikuwa amesimama na beleshi.

"Nilitaka umwone, Id."

"Nimwone analia?"

"Nilitaka umwone tu."

Idwal alivuta pumzi mara kadhaa kabla ya kupata sauti. "Acheni moto ufe wenyewe. Msimmwagie maji, msifungue milango, msimguse. Apoe taratibu, mmesikia?" Halafu akaniambia mimi, kwa upole kabisa, "Bibi Prosser, twende nyumbani, miguu imepata baridi."

Njiani nilikuwa nimeuma meno, kwa sababu moyoni nilikuwa upande wa Cledwyn. Ningelikuwa na beleshi lile ningefanya vilevile.

Cledwyn akatoweka. Kazi ya kuyabana mabomba upya alikuwa akiifanya alfajiri, ili asikutane na mtu, na kwetu hakukanyaga. Nilimpelekea supu ya kondoo, nikaikuta kesho yake mlangoni pake imeganda na sufuria yake. Nilipomsimulia Idwal, akasema, "Mwambie huyo mzee mpumbavu kwamba nakufa, sina nafasi ya watu wa kununa."

Niliupeleka ujumbe kama ulivyo. Akaja. Alikaa ukingoni mwa kitanda bila kuvua koti, maji yanamchuruzika kwenye blanketi lako, nisamehe.

"Mimi ndiye niliyeanza kurusha yale mabonge," alisema.

"Najua. Ulikuwa unarusha kama mke wa mchungaji. Hukunipata hata moja."

"Id."

"Hata moja, Cled. Vumbi nililojaza kifuani nilijitafutia mwenyewe. Mabomba yamebana?"

"Yamebana."

"Basi mwasheni. Mkaguzi wa boila anakuja lini?"

"Jumatatu."

"Mwasheni kwa Jumatatu, si kwa ajili yangu."

Nilitoka nikaenda kusimama uani. Nesi Delyth alikuwa amenieleza jikoni asubuhi ileile kwamba hesabu sasa ni ya siku, tena si nyingi. Niliporudi, vijana wa banda walikuwa wamefika kumwona, wote wamejazana mlangoni mwa chumba wameshika kofia, na mmoja akauliza nani atakaa na moto. Kila mmoja akajitolea.

"Nesta," Idwal akasema, akininyooshea mimi kidole.

Walicheka. Cledwyn akasema, "Huyu? Huyu anaunguza maziwa."

"Atakaa Nesta. Nyinyi nyote mna haraka kwa ajili yangu, nawaona. Yeye ana haraka kuliko nyinyi. Yeye akiweza kumzuia Angharad, nitalala usingizi."

Walipoondoka nilimkasirikia, Shangazi. Sijawahi kumkasirikia tangu tuoane. Nilimwambia sitaki kukaa na chuma hicho siku hizi, nataka kukaa na mume wangu, maana hicho chuma ndicho kinachomuua. Alinishika kidole chenye pete.

"Si yeye, mpenzi. Ni koti. Na hakujishonea."

"Basi niache nimwashe haraka umwone."

"Akivuja tena hawatamwasha tena. Pesa na moyo vitawaishia. Atasimama hapo mpaka aoze, na watoto wa watu watapita wakiuliza hicho nini." Alipumzika. "Nikiwa sipo nataka awe anapumua, Bibi Prosser. Mmoja wetu."

Nikaahidi. Sikuweza kumnyima.

Ndiyo maana barua hii ina harufu ya moshi. Naandika nimekaa juu ya sanduku ndani ya banda, karatasi nimeiweka gotini juu ya ubao, mlango wa tanuri umeachwa wazi kidogo. Tuliwasha asubuhi. Cledwyn ndiye aliye nyumbani na Idwal. Alipokuja kunipokea pale kitandani alivua koti safari hii, akavuta kiti karibu, akaanza kumsomea bei za injini za mfano katika gazeti, na Idwal macho yamefungwa akawa ananung'unika, "Ghali. Ghali. Wizi." Nilimbusu, paji lake lilikuwa baridi na lenye jasho. Adhuhuri nitarudi, na kijana mwingine, ambaye nimemwapisha kwa Biblia, atashika zamu.

Kutoka hapa naona dirisha la chumba chetu juu ya kilima. Pazia nimeliacha wazi ili aone moshi wa bomba la Angharad. Unatoka mwembamba, Shangazi, unaning'inia kwenye mvua, huwezi kuuita moshi. Rundo la makaa liko miguuni pangu, na beleshi nimeliegemeza kando. Nikijaza tanuri sasa hivi, jioni mshale utainuka, Cledwyn anaweza kumgeuza kitandani kuelekea dirishani, na moshi mweupe utapanda mpaka juu ya paa la kanisa. Nimesimama mara mbili. Nimelishika beleshi mara mbili.

Leo ni Jumamosi. Mvuke ni Jumatatu. Delyth alisema asubuhi pumzi imebadilika, na akanishika bega alipokuwa akisema.

Nimeweka kiganja kwenye bamba la boila, pale Idwal aliponionyesha kwenye yule mdogo. Lina uvuguvugu kama kikombe kilichosahauliwa mezani. Nimetia vipande viwili vya kuni, vyembamba, nimerudisha mlango, nimekaa.

Nisalimie Lowri na mume wake, wajukuu wote, na yule jirani yako anayekutolea theluji mlangoni. Mwambie binamu Emlyn kwamba kadi yake ya harusi ilifika na Idwal aliicheka mpaka tukamwongezea oksijeni. Mungu akulinde kwenye barafu hiyo, akupe usingizi mzuri na watu wa kuongea nao. Utuombee, hasa mpaka Jumatatu.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye kutoka mbali,

Nesta Prosser