Kumi na Wawili Walioingia Majini

Dada yangu mpenzi,

Natumaini mgongo umepata nafuu. Huku paa la jikoni limeanza tena kuvuja, na mama anasema utume vipimo vya mapazia.

Kazini bado nahesabu wageni wa hifadhi ya bahari, na mumeo ndiye anayepokea daftari langu kila jioni. Jumanne niliandika wageni 12 kwenye boti moja. Iliporudi, walishuka kumi na mmoja. Nikamwuliza shemeji. Akajibu bila kuniangalia, "Ulihesabu vibaya, shemeji. Acha daftari hapo, nenda nyumbani."

Sikwenda. Nilimwomba nahodha wa doria twende kwenye matumbawe walikoogelea wageni wale. Tulimkuta mama wa makamo ameng'ang'ania boya, midomo inamtetemeka, hata sauti hana. Sasa yuko hospitali, anaendelea vizuri.

Asubuhi nilifungua daftari. Ile 12 yangu imegeuzwa kuwa 11, kwa wino wa kijani ambao ofisini anautumia mumeo peke yake. Na daftari lilikuwa limeshafungiwa kabatini tuliporudi, dada, wala halikutoka humo hadi asubuhi. Maana yake mumeo aliibadilisha wakati yule mama bado yuko majini. Kurasa za nyuma nazo zina kijani hicho hicho, kila siku wageni walipozidi kiwango kinachoruhusiwa.

Sijui anamkinga nani, wala sijui kama wewe ulikuwa na habari. Nisikufiche, nimelifikiria hilo pia. Kesho namkabidhi mkuu wa hifadhi daftari. Nimetaka ulisikie kwangu kwanza.

Ni mimi mdogo wako, hata baada ya kesho.