Upande wa Pili wa Filamu

Jumatatu, 3 Machi

Leo boneti wameivalisha wawili, kaka na mkewe. Mimi nimepewa kufuta vioo.

Niandike tena nione kama itapungua kuuma: kufuta vioo. Mimi! Miaka saba filamu ya boneti, ile plastiki ya kukinga rangi ya gari, tumeishika mimi na kaka, yeye kona mbili, mimi kona mbili. Ile filamu haishikiki na mtu mmoja. Nyembamba, angavu, ina gundi upande mmoja, na ikijikunja ikajigusa yenyewe ndiyo basi, itupe. Inataka mikono minne inayojuana. Mnapulizia rangi maji ya sabuni, mnaishusha filamu polepole, mnakamua maji kwa raba kutoka katikati kwenda pembeni. Hatukuwa tunasemeshana hata neno. Kaka akivuta pumzi tu, najua anataka kushusha.

Leo alivuta pumzi, nikajikuta nimenyanyua mikono. Na tambara langu.

Wifi alishusha upande wake taratibu, bila mkunjo hata mmoja. Ana miezi mitano tu hapa gereji. Kabla ya hapo alikuwa fundi cherehani! Kaka akaniita: "Unaona, Jicho? Imetulia." Jicho ndiyo mimi. Alinibandika hilo jina kwa sababu kila gari linaloingia hapa nalikagua mimi kwanza, na hakuna mkwaruzo unaonipita. Nikasema naona. Na kweli nilikuwa naona vizuri sana.

Jumanne, 4 Machi

Siri yake nimeijua. Hakati filamu juu ya gari. Sisi wengine tunabandika filamu kwenye taa ya mbele, halafu tunazungusha wembe pembeni, roho mkononi, usije ukachora rangi ya mtu. Yeye anachukua karatasi ya kaki, anaibandika kwenye taa, anaichora, anaikata. Ndipo anapeleka mezani, anakata filamu kwa mkasi akiifuatisha. Kama anakata bega la gauni! Taa ina tumbo, anasema, na tumbo halifunikwi kwa kitambaa kilichobana. Unaliachia nafasi.

Wateja wawili walisimama kumwangalia mpaka akamaliza. Mimi mteja huniangalia akitaka kuuliza choo kiko wapi.

Halafu hili la majora. Sisi tulikuwa tunasema roli. Roli la filamu, lete roli, roli limekwisha. Yeye kaja na jora lake la dukani kwa vitambaa, na sasa gereji nzima inasema jora. Leo asubuhi nimejisikia mwenyewe nikisema, "Nani kahamisha lile jora?" Nikauma ulimi.

Alhamisi, 6 Machi

Kaka anafungua gereji ya pili! Ametutangazia wakati wa chai ya saa nne. Mwisho wa mwezi anahamia kule, na hapa anataka mtu mmoja ashike ufunguo wa chumba cha filamu. Atakayeushika ndiye fundi mkuu, wengine wote tutamsikiliza. Hakusema ni nani. Alikuwa anaangalia bakuli la sukari.

Mimi nilikuwa naangalia ufunguo. Unaning'inia kiunoni kwake kwa uzi mwekundu. Huo uzi niliusokota mimi, mwaka ule wa kwanza, tulipokuwa tunabandika tinti uani kwa Mama, dari yetu turubai. Nani alikuwa anashika upande wa pili wakati huo? Wifi hata hatujamjua! Alikuwa huko anapima watu viuno.

Akanipa kikombe changu. "Hongera ya mapema, wifi." Huku anacheka. Kejeli? Au kweli? Mtu huyu humshiki pa kumshika. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema, na huyu nguo ndiyo kazi yake.

Jumamosi, 8 Machi

Nimejaribu karatasi ya kaki. Mapema, kabla hawajafika, kwenye taa ya gari la kaka mwenyewe, lililolala hapa gereji. Nikachora. Nikakata. Nikabandika. Chini ikafanya makunyanzi, juu ikapunguka kidole kizima. Nikaivuta ipande, ikazidi kupunguka kwingine. Napambana nayo hivyo, jasho linanitoka — mlango ukafunguka.

Wifi akaiangalia, kichwa kakilaza upande. "Wifi yangu, hii taa imevaa gauni la kuazima."

Mafundi waliokuwa nyuma yake walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Na mimi nikacheka. Utani wa mawifi huo, ukinuna umeshindwa. Baadaye akanijia pembeni, wenzetu hawapo, akanionyesha kwa sauti ya chini pa kuachia nafasi. Alinishika mkono wangu kabisa, akauongoza. Mkono wake una sugu ya mkasi, kwenye kidole gumba.

Ningependelea angenicheka tu, akaishia hapo.

Jumapili, 9 Machi

Kwa Mama. Mama kasema mkwe wake ana mikono ya baraka. Kasema mara mbili. Mara ya pili alikuwa ananiangalia mimi.

Nimeosha vyombo vyote peke yangu, kwa kelele.

Jumatatu, 10 Machi

Siandiki vizuri leo. Niandike tu.

Mkunga wa zahanati ameleta gari. Kalinunua majuzi kwa mtu, si jipya, lakini linang'aa. Aliyemuuzia kamhakikishia halijawahi kuguswa. Huwa anaitwa kwenda kuzalisha huko ndani ndani, njia zote mawe, kwa hiyo anataka boneti na taa zivalishwe filamu kabla mawe hayajaanza kazi yao. Aliipapasa boneti kwa kiganja chote, kama anayepima tumbo. "Hili ndilo langu la kwanza, mwanangu," akaniambia. "Nimechoka kuomba lifti na mkoba wa kuzalishia begani."

Nikalikagua. Milango, sawa. Bampa, sawa. Boneti — nikaifungua, nikapitisha ukucha chini ya ukingo. Ukakwama. Mstari, pale rangi mpya ilipokoma! Nikaangalia bolti za bawaba, zimekwanguliwa na spana. Nikainama nikanusa. Bado inanukia. Boneti hii imepigwa rangi upya, na wala si zamani.

Sheria yetu iko ukutani, na mwandiko ni wangu: RANGI MBICHI HAIVALISHWI. Rangi mbichi bado inapumua. Ukiifunika inatoa mapovu chini ya filamu, na siku ukibandua, filamu inaondoka na rangi yenyewe mpaka bati. Unachofanya ni kumwambia mteja arudi baada ya miezi miwili. Maneno kumi. Nimeshayasema mara ngapi!

Nilikuwa nimeshika fomu ya ukaguzi, peni iko kwenye kile kimstari cha "rangi". Kaka akapaza sauti kutoka ndani: "Boneti ya Mkunga fundi awe wifi yako. Mimi nitamshikia tu. Nataka kuona anavyoongoza."

Anavyoongoza. Yaani ufunguo.

Nikaandika: ya kiwandani. Nikatia sahihi.

Wifi akaja kuchukua fomu. "Boneti umeikagua wewe mwenyewe, wifi?" Nikasema nimeikagua. "Basi mimi sina la kuuliza."

Jumanne, 11 Machi

Imekaa kama imezaliwa nayo. Mkunga alitafuta filamu ilipoanzia, akashindwa, akavaa miwani, akashindwa tena. Taa nazo kama maji. Akamkumbatia wifi, akambeba kabisa miguu ikaacha sakafu. Kaka anapiga makofi peke yake kama mtoto.

Nikasema imependeza. Imependeza kweli! Ningekuwa mwongo ningejisikia nafuu.

Jumatano, 12 Machi

Hakuna habari yoyote. Labda haitatoa mapovu. Rangi nyingine huvumilia.

Sijui naombea itoe au isitoe. Hapana, najua. Ndiyo maana leo sikuomba kitu.

Ijumaa, 14 Machi

Nilikuwa stoo napanga majora (haya, majora!). Wao wawili wako nje ya dirisha, hawajui kama nipo. Wifi anamwambia kaka ule ufunguo si wake yeye. Kwamba yeye anajua kukata tu. Gari limegongwa wapi, rangi imezeeka vipi, taa ilibadilishwa au ndiyo yenyewe, hayo anayajua dada yako. Kwenye kitambaa nikikosea nafumua, kasema. Huku hakuna kufumua. Mpe Jicho.

Kaka akasema atafikiri. Wifi akasema afikiri haraka, maana dada mtu anazidi kukonda na yeye hajui kupunguza nguo za gereji. Wakacheka. Wakaondoka.

Nimekaa juu ya jora mpaka miguu ikafa ganzi.

Hata wema anao! Mikono anayo, kaka anaye, Mama anaye, na sasa na roho nzuri pia? Kaniachia nini? Mimi nilitaka awe nyoka. Nilikuwa nimeshampangia na sumu yake na pa kuiweka. Angekuwa nyoka, ile sahihi yangu ingekuwa na kisingizio.

Zahanati si mbali, ningeweza kwenda leo hii nikamwambia Mkunga. Nitakwenda kesho.

Jumamosi, 15 Machi

Sijaenda.

Jumatatu, 17 Machi

Saa tatu na nusu asubuhi. Niko stoo, mlango nimeurudishia. Naandikia gotini.

Mkunga amerudi. Boneti imetoka mapovu. Madogo madogo, mamia, kama jasho la puani. Wala hakukasirika. Aliuliza tu kama labda yeye ndiye aliyekosea kuliosha. Yeye!

Kaka alikuwa anatoka kwenda gereji mpya, funguo za gari mkononi. Akaangalia. Akauliza fomu ilisemaje kuhusu rangi. Ya kiwandani, wifi akajibu, imekaguliwa na Jicho. Kaka hata hakunigeukia. Kama ni Jicho basi rangi haina neno, akasema, ni maji yamebaki chini, ulikamua kwa haraka. Bandua, uvalishe upya, Mkunga asubiri hapa hapa. Akaondoka zake.

"Kama ni Jicho." Miaka saba nimeitafuta sentensi hiyo.

Wifi ana uso wa mtu aliyefeli mtihani mbele ya wazazi. Akanivuta pembeni. "Wifi, usinionee aibu. Nilikosea wapi? Wewe unaona, niambie." Macho yake yalikuwa na maji. Nikasema ngoja nikaangalie fomu. Ndiyo nikaja huku.

Fomu ninayo hapa. Baada ya "ya kiwandani" pamebaki nafasi. Maneno matatu yanaenea: ila boneti imerudiwa. Nikiyaongeza, basi mimi niliandika, yeye ndiye hakusoma. Peni ni hii hii. Wino ni ule ule. Nimeigusisha pale — nimeitoa haraka. Pamebaki nukta.

Nikitoka nikasema, boneti itasalimika. Tutaiacha na mapovu yake mpaka ikauke vizuri. Mkunga atajua alidanganywa, na kwamba mimi nilijua nikanyamaza. Ufunguo ndiyo basi, na uzi wangu juu yake. Kaka hatanipa hata kioo nifute. Nikikaa hapa nilipo, dakika kumi tu, filamu itatoka na rangi, mbele ya macho ya mwenyewe, mikononi mwa wifi. Watasema cherehani irudi kwenye cherehani. Hakuna atakayeniuliza mimi. Nani amuulize Jicho?

Blowa imewaka. Anapasha moto kona ya kwanza, gundi ilegee. Namsikia Mkunga anamwambia pole pole, mwanangu, na wifi anamjibu usijali, mama, haitaumia.

"Wifi! Njoo unishikie upande wa pili, hii peke yangu siiwezi!"

Upande wa pili. Kaniita mimi. Hakuita fundi mwingine yeyote, na wapo watatu pale nje hawana kazi.

Blowa imezimwa. Yaani ameshaishika kona.

Nimepiga kelele — Ngoja! — mpaka jora nililokalia limebingirika likagonga mlango. Sikujua nitasema. Limetoka tu.

Halafu sauti yake, ile ile ya upole: "Nakungoja wewe tu, wifi."

Kona bado ameishika. Nimesema ngoja. Kwa nini, sijasema.