Likizo ya Felista Juu ya Jiwe

Jumatatu, 14 Julai 2025
Nimekoka moto, nimekamua, nimegeuza masuke ya ulezi juani. Jua lenyewe la uongo, upepo unakata masikio. Felista bado amelala. Binti yangu huyu anafundisha chuo kikuu huko Dodoma, wanamwita Daktari ingawa hatibu mtu. Yuko likizo ndefu. Likizo gani, sijui. Amekuja na begi moja la nguo na mawili ya mitihani ya wanafunzi. Kaamka saa tatu, kala kiazi kimoja, karudi kwenye kompyuta. Nimemsemesha ng'ombe. Kaniitikia vizuri zaidi.

Jumanne, 15 Julai
Mama Sabina kaja kuanza pombe ya siku ya kupura ulezi. Mjane, jirani yangu. Mikono ya dhahabu, macho ya paka. Pombe itaiva Jumamosi, na majirani nimeshawaalika.
Kwetu ungo wa kwanza wa ulezi hupepetwa na mwanamke wa nyumba hiyo. Kabla ya hapo mtungi haufunguliwi, hata ulie. Miaka yote alipepeta mama yake Felista. Tulimzika Februari. Mwaka huu ni Felista. Nimemwambia, akasema "sawa baba" bila kuinua macho. Hiyo sawa sikuipenda.
Mama Sabina naye kaniuliza kwa sauti ya asali, "Na huyo Daktari wako akibanwa na kazi, atapepeta nani, Mzee?"
Nikakohoa. Akipepeta yeye, kijiji kizima kitasema nimeoa. Na yeye ndiye atakayeanza kusema.

Alhamisi, 17 Julai
Balaa. Jumamosi hiyohiyo Felista ana mkutano. Profesa wake na wenzake wanakutana kwenye kompyuta, kila mtu alipo, kukagua makala yake. Wakiikataa, cheo kinakwenda kwa mwingine. Na huku kwetu mtandao unakamata sehemu moja tu, kwenye Jiwe, ule mwamba mlimani juu ya nyumba.
Nikamwambia aahirishe. Akasema, "Baba, nilishaahirisha mara moja, nilipokuwa namuuguza mama. Ahirisha wewe pombe."
Ahirisha pombe! Huo ndio usomi. Pombe ikiiva imeiva. Ukichelewa unawapa nguruwe.
Tumenuniana. Mimi nimenuna zaidi, ndimi mkubwa.

Ijumaa, 18 Julai
Asubuhi nimemkuta jikoni ameshika ungo wa mama yake, anaufuta vumbi taratibu. Aliponiona akautundika haraka kama mwizi. Nilihuzunika. Halafu nikakasirika, sijui na nani. Halafu, nikiwa nakamua, akili ikanijia.
Kwani lazima tupurie uani? Kule kwenye Jiwe pamelala bapa, pasafi, upepo bwerere.
Felista sijamwambia. Nimewaambia majirani wapandishe masuke alfajiri. Mama Sabina kaambiwa mtungi unapanda mlima. Kanitukana kwa Kifipa, matusi mengine nilikuwa nimeshayasahau. Nimefurahi sana.

Jumamosi, 19 Julai
Mwili wote unauma. Siku nzuri.
Felista kafika kwenye Jiwe na kompyuta kwapani. Kakuta watu, fimbo, ulezi, mtungi, na ungo wa mama yake.
"Baba!"
"Kaa upande ule, Daktari, usitusumbue. Tuko kazini."
Tukapura. Mkutano wao nao ukaanza. Profesa kwenye kioo akauliza kama huko kuna vita. Nikaingiza uso wangu. Vichwa sita vya wasomi vikasema kwa pamoja, shikamoo mzee. Sijapata kuamkiwa na madaktari wengi hivyo bila kulazwa. Nikaitikia marahaba, nikamuuliza mkubwa wao, "Mwanangu, wewe huna kwenu?"
Felista akajifunika uso. Nikajua nimemharibia cheo, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nikaogopa.
Profesa akacheka. Akasema kwao wanapura maharage wiki hii na mama yake kampigia simu mara tatu, hajapokea. Akaomba mkutano upumzike kidogo, apige simu.
Nageuka, Mama Sabina ameshainama kwenye ungo! Felista aliruka. Sijui alirukaje na ile suruali ya mjini. Akaunyakua, akasimama pale pale ilipo kompyuta yake, akapepeta. Vibaya mno. Nusu makapi, nusu ulezi, vyote vikamwagikia kompyuta. Vigelegele! Mtungi ukafunguliwa. Mimi nililia. Nikasingizia makapi.
Makala imepita, ina marekebisho kidogo. Mama Sabina kanipimia pombe kwenye kikombe cha mtoto.

Jumatano, 30 Julai
Nyumba kimya. Felista kaondoka juzi na mabegi yake. Wiki nzima alisahihisha mitihani asubuhi tu; mchana tulikaa tukibishana.
Leo nimepanda kwenye Jiwe kutafuta mtandao. Njiwa wanaokota ulezi uliobaki kwenye nyufa. Ujumbe ukaingia.
"Baba shikamoo. Ulezi umenasa kwenye kompyuta, herufi A inakwaruza. Fundi anataka kuutoa. Nimemkatalia."
Nimeusoma mara mbili. Nikakaa kidogo na wale njiwa. Kisha nikashuka kukamua.