Sitaitwa Sandrine

Alhamisi, mwisho wa Novemba. Mahajanga.

Joto la leo halina adabu. Mvua inatutisha tangu wiki iliyopita na hainyeshi, umeme umekatika asubuhi na mchana tena, na mimi nimeamka vizuri lakini sasa nimekasirika. Wacha niandike kabla hasira haijapoa, maana ikipoa nitaanza kuwa na busara, na leo busara siitaki.

Naandika kwa Kiswahili, kile nilichorudi nacho baada ya kukaa kwa shangazi yangu Unguja. Mtaani hapa watu wanazungumza Kimalagasi, wateja wananiandikia Kifaransa, mama ananigombeza kwa Kikomoro. Kiswahili kimebaki kwenye dua na kwenye majina ya vitu vya baharini. Kwa hiyo hapa naweza kusema ukweli bila jirani kuusoma.

Ukweli wenyewe ni huu: leo nimemkataa mteja wangu wa pekee.

Mwaka huu nilianzisha kazi ya usaidizi wa mtandaoni. Mtu ana nyumba za wageni, yuko mbali au hana muda, mimi namjibia barua pepe zake, nampangia tarehe, namtafutia dereva wa kumpokea mgeni uwanja wa ndege. Nakaa chumbani kwangu na kompyuta na simu. Mjomba, kaka yake mama, anaiita "kazi ya kukaa". Yeye ana duka la vifaa vya ujenzi, na kwetu neno la mjomba lina uzito hata baba akiwa hai. Alinipa mpaka mwisho wa mwezi huu. Nisipopata mteja wa kudumu, nifunge kompyuta nikasimame kwenye kaunta yake, niuze misumari.

Misumari!

Kuitangaza kazi hii ndiko kulikonitoa jasho. Nilitengeneza ukurasa mzuri, nikaweka picha yangu na mtandio wa buluu, nikasubiri. Walioupenda walikuwa binamu zangu, na bwana mmoja aliyetaka kunioa. Nikajifunza kwamba pwani hii mtu hakabidhi funguo zake kwa mtu ambaye hajanywa naye chai. Basi nikapanda gari, kisha boti, hadi kisiwa cha Nosy Be, nikafikia kwa mama mdogo huko Marodoka. Kila asubuhi nilitoka kubisha hodi kwenye hoteli ndogondogo, moja baada ya nyingine, mpaka nikafika Andilana. Biashara ya mtandaoni, nimeitangaza kwa kandambili. Mwenye hoteli mmoja aliniuliza huyo msaidizi wa mtandaoni ni mashine ya aina gani. Nikamwambia mashine ndiyo mimi, na ina njaa. Alicheka, akaniletea wali na samaki. Kazi hakunipa.

Alichonipa ni namba ya Mfaransa mmoja mwenye nyumba za likizo palepale Andilana, ambaye mwenyewe anaishi Réunion. Huyo akakubali kunijaribu, na nikafanya kazi kama niliyeapishwa. Siku moja alifika mgeni, mama mtu mzima, na pampu ya maji ikafa siku hiyohiyo. Nikampigia fundi wa Hell-Ville, mji wa kisiwa kile, nikamwomba jirani apeleke ndoo za maji, nikabaki kwenye simu na yule mama mpaka bomba likatoa maji. Alipoondoka aliandika maoni ya kunisifu, na akanitaja kwa jina. Mwanaesha. Niliyasoma maoni yale mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Leo asubuhi Mfaransa ameniandikia. Amefurahi na kazi yangu na ananitaka moja kwa moja, kuanzia Jumatatu. Nikaruka kitandani kama mtoto. Kisha nikasoma aya ya mwisho. Ana sharti dogo tu: niwe Sandrine. Jina langu, anasema, linawatia wageni wasiwasi. Na wakiuliza niko wapi, niseme niko ofisini, Lyon.

Si jambo geni hapa. Rafiki yangu wa nyumba ya pili anafanya kazi ya kupokea simu za Wafaransa, na huko anaitwa Julie. Amekuwa Julie kwa muda mrefu hata sokoni ukiita Julie anageuka. Tumemcheka sana kwa hilo, na yeye hucheka pamoja nasi. Leo sikuona cha kuchekesha.

Mjomba alikuja kula mchana, nikamweleza. Lazima nimtendee haki: hakufurahia kunikosa dukani, lakini alitimiza ahadi yake. Alisema nimeshinda, nichukue kazi.

"Jina ni nguo ya kazi, mwanangu. Unaivaa asubuhi, jioni unaivua."

Na mimi nusura nikubali. Ilionekana ni rahisi hivyo.

Mama alikuwa anapepeta mchele. Mama yangu ni mwalishi. Watu wetu hapa hawaaliki harusi kwa kadi. Mama hujitanda shiromani, shuka yake ya heshima, akazunguka nyumba kwa nyumba, na akifika mlangoni, kabla hajaitaja harusi, hutaja jina lake, jina la mama yake na nyumba aliyotoka. Ndipo humtaja aliyemtuma. Mwaliko ulioletwa na mtu asiyejitaja si mwaliko. Watu hawaendi, na hakuna wa kuwalaumu.

Akaweka ungo chini. "Na huyo Sandrine akikosea, wageni watamshika nani?"

"Hawatamshika mtu," mjomba akajibu. "Ndiyo raha yake."

"Na akipatia?"

Mjomba akajimiminia chai.

Hapo hasira yangu ikapata jina. Mimi ndiye niliyevaa kandambili mpaka zikakatika. Mimi ndiye niliyemtafuta fundi. Halafu sifa zote zimwendee mwanamke wa Lyon ambaye hajazaliwa? Na kesho Mfaransa akichoka nami, atamweka mwingine kwenye kiti cha Sandrine, na hakuna mgeni hata mmoja atakayejua kwamba nimeondoka. Mtu akishakuondolea jina, kukuondoa wewe ni kazi ndogo.

Nikamjibu kwa Kifaransa changu bora. Nikamwambia kazi nitaifanya kwa moyo wote, usiku ukihitajika, lakini nitaifanya nikiwa Mwanaesha wa Mahajanga. Nikambandikia na maoni ya yule mama wa pampu, aone kama jina langu lilimtia wasiwasi.

Jibu lilikuja upesi. Anasikitika. Ananielewa. Amempata mwingine.

Watu wa kuitwa Sandrine hawakosekani.

Nililia, sifichi. Sikulia kwa majuto. Nililia kwa sababu nilikuwa na kazi saa nne asubuhi na alasiri sina, na kwa sababu inauma kuambiwa kwa upole kwamba wewe ni mzuri isipokuwa wewe. Nikaosha uso. Nikarekodi tangazo kwa sauti yangu mwenyewe, kwa Kimalagasi na kwa Kifaransa, jina langu mwanzo, mji wangu mwanzo, nikalituma kwa kila hoteli niliyobisha hodi Nosy Be. Mpaka sasa hakuna aliyejibu. Naogopa. Naandika hivyo nilivyo: naogopa, na bado sijabadili mawazo.

Jioni nilikwenda kumwambia mjomba. Alitikisa kichwa, akasema basi, Jumamosi dukani. Alipokuwa akisema hayo simu yake ilikuwa inatetemeka juu ya meza, inanyamaza, inatetemeka tena. Ni watu wa Katsepy, wanataka kujua kama saruji ipo kabla hawajavuka ghuba kwa feri. Mjomba aliitazama, akaigeuza kifudifudi. Nikamwuliza huwa anawajibu lini. Akasema mwenye shida atakuja.

Nimelifikiria hilo njia nzima ya kurudi nyumbani.

Jumamosi nitakwenda dukani. Nitavaa vizuri, nitawahi, na kompyuta nitaibeba. Ila sitapita nyuma ya kaunta. Nitasimama upande wa wanunuzi, nisubiri zamu yangu, kisha nimweleze mjomba bei ya huduma zangu.

Akikataa, atakuwa mteja wa pili kunikosa wiki hii.