Mlima Nilioupima Mara Mbili

Jumatatu, 3 Juni
Aibu! Risasi zote zimepita juu ya bango. Zote! Uwanja mpya wa shabaha uko mlimani, na bango la chuma liko mbali mno, dogo kama kiberiti. Programu ya simu inayonipigia hesabu za kulenga ikaniuliza mgandamizo wa hewa, nikaipa ule wa utabiri wa leo. Wifi — dada wa mume wangu, tena mpinzani wangu — akauliza kama nawinda mawingu. Ana kipimahewa chake shingoni. Alitaka kuniazima, nikamwambia asante, ninacho changu. Sina! Kocha anasema timu imebakiza nafasi moja, mchujo Jumamosi. Naitaka kufa na kupona.

Jumatano, 5 Juni
Nimejua! Namba ya utabiri imerekebishwa, kana kwamba sote tunaishi usawa wa bahari. Kule juu hewa ni nyepesi, risasi haizuiwi sana. Simu ikadhani hewa ni nzito, ikaniambia niinue mtutu. Mume wangu kanisikiliza mpaka mwisho, kisha eti: si umwombe tu dada? Nikamwambia ale, chakula kinapoa.

Ijumaa, 7 Juni
Nimemeza kiburi, nimeazima kipimahewa cha wifi. Namba halisi ya pale pale uwanjani. Halafu — ujuaji wangu huo — nikajaza na urefu wa mlima kwenye simu. Risasi zote chini, vumbi tupu! Wifi alicheka hadi akakaa. Mlima nimeupima mara mbili, maana kipimahewa kilishauhesabu. Nikanuna kidogo, kisha nikacheka na mimi. Tukafuta ule urefu — ting! Chuma kikalia. Raha iliyoje!

Jumamosi, 8 Juni
Niko kwenye benchi, nangoja zamu yangu. Wifi ameshamaliza — kakosa moja tu. Mimi sitakiwi kukosa hata moja. Na jua limetoka ghafla, hewa imepata joto, namba zangu za asubuhi zimechacha.

Mara wifi huyo, anakuja anahema, kipimahewa mkononi. "Wifi, badilisha, hewa si ile tena. Nimepima joto kivulini, usiwe na wasiwasi."

Nikamwuliza, na nafasi ni moja, kwa nini unanipa?

"Nikikushinda, sitaki uje kusingizia hewa."

Nimejaza namba zake. Sikuzikagua. Kocha ananiita. Wifi keshabeba mkeka wangu, yuko mbele, ananipungia nifanye haraka —